Namna ya Kupima Kama Plastiki Inazuia Mvuke wa Maji: Jaribio la Chupa, Chumvi na Mizani kwa Watu wa Mwambao wa Tanga

Bati jipya likiezekwa Sahare au Raskazone huanza kushika kutu mapema kuliko bati la Lushoto, na kila fundi wa Tanga anaijua sababu yake: hewa ya bahari ina chumvi na haikauki. Hewa hiyohiyo ndiyo itakayoamua kama paneli za sola za kizazi kipya, zile zinazotengenezwa kwa perovskaiti, zitadumu huku kwetu au zitakufa kabla ya kurudisha gharama zake. Mwongozo huu unaeleza jinsi mwalimu wa sayansi, mwanafunzi au fundi wa sola anavyoweza kupima, kwa vifaa vinavyopatikana mjini, kiasi cha mvuke wa maji kinachopenya katika karatasi ya plastiki kwa siku moja. Jaribio lenyewe ni dogo, lakini swali linalopimwa ndilo linalowashughulisha watafiti wa perovskaiti katika maabara kubwa za dunia, na kwa maoni yangu linatuhusu sisi wa pwani kuliko wao.

Jina la perovskaiti lilianzia kwenye madini ya kalsiamu, titani na oksijeni yaliyotoka milima ya Ural nchini Urusi, ambayo Gustav Rose aliyatambua mwaka 1839 na kuyapa jina la Lev Perovski. Baadaye jina hilo likaenea kwa kila fuwele yenye mpangilio wa atomi kama ule wa madini hayo. Perovskaiti inayotumika katika sola mara nyingi huwa na risasi, iodini, na ayoni ya kikaboni kama vile methilamonia. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani walieleza seli ya namna hiyo iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo seli ndogo za maabara zimevuka asilimia 25, na zile zinazolazwa juu ya silikoni, ambayo ndiyo malighafi ya paneli za kawaida, zimevuka asilimia 33. Tabaka linalofanya kazi hiyo lina unene wa karibu nusu ya maikromita, yaani ni jembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara mia moja, na linaweza kupakwa kama wino kisha likakaushwa kwa joto la karibu nyuzi 100 za sentigredi, ilhali silikoni huhitaji tanuri la zaidi ya nyuzi 1,400 ili iyeyuke.

Udhaifu wake ni maji. Mvuke ukilifikia tabaka hilo, sehemu ya kikaboni hujitenga na kuondoka, na kinachobaki ni iodaidi ya risasi, ambayo ni unga wa njano. Seli iliyokuwa nyeusi yenye wekundu wa kahawia hugeuka njano na haitoi tena umeme wa maana. Hapa inafaa kupiga hesabu moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ukubwa wa tatizo. Mita moja ya mraba ya tabaka lenye unene wa nusu maikromita ina ujazo wa nusu sentimita ya ujazo, na kwa kuwa perovskaiti hiyo ina uzito wa gramu 4 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, paneli nzima yenye eneo la mita moja ya mraba hubeba gramu 2 tu za perovskaiti. Tafadhali ishike namba hiyo, kwa sababu tutairudia baada ya kupima.

Kinachosimama kati ya gramu hizo 2 na hewa ya Tanga ni kioo na polima. Polima ni kila kitu kilichojengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli: nailoni ya kufungia bidhaa, chupa ya maji, raba ya tyubu, hata uzi wa katani, ambao minyororo yake ni selulosi iliyojengwa na mmea wenyewe. Katika utafiti wa perovskaiti, polima nyingine huwekwa ndani kabisa ya seli ili zipitishe chaji, jambo lililowezekana baada ya Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger kuonyesha mwaka 1977 kwamba plastiki inaweza kupitisha umeme, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000. Sisi hapa tutashughulika na polima za nje, yaani zile za kufunika na kuziba kingo.

Watu wengi hudhani kwamba plastiki isiyovuja maji haipitishi mvuke. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maji ya mvua hayapiti kwenye nailoni kwa sababu hayapati tundu, lakini molekuli mojamoja ya mvuke haihitaji tundu: huyeyuka katika uso wa plastiki, hupenya polepole kati ya minyororo inayotikisika, kisha hutokea upande wa pili. Kwa hiyo kasi yake hutegemea mambo mawili, nayo ni wingi wa mvuke ambao plastiki inakubali kuuyeyusha na wepesi wa mvuke huo kusafiri ndani yake. Poliethilini, ambayo ndiyo nailoni ya kawaida, huyachukia maji na kuyeyusha kidogo sana, lakini minyororo yake imelegea na mvuke ulioingia husafiri upesi. Plastiki ya chupa za maji huyeyusha zaidi, lakini minyororo yake ni migumu na mvuke hujikongoja. Ndiyo sababu macho peke yake hayawezi kutuambia ipi ni bora, na hatuna budi kupima.

Vifaa

Tafuta chupa za kioo zenye mdomo mpana na ukingo ulio sawa, kama zile za jamu, zisizopungua sita na zote za aina moja. Tafuta ndoo ya plastiki au deli lenye mfuniko unaobana, mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01 kama ile ya sonara, nta ya nyuki, kipimajoto, na kipimaunyevu kidogo cha kidijitali. Kama huna mizani hiyo, mwombe sonara akuruhusu kupima kwake saa ileile kila siku. Kazi ni ya dakika tano.

Ndani ya chupa utahitaji kitu kinachonyonya unyevu. Kilicho bora ni kalsiamu kloraidi iliyokaushwa, ambayo maabara nyingi za shule huwa nayo. Ikikosekana, kusanya chembe za silika jeli kutoka kwenye vifuko vinavyowekwa ndani ya makasha ya viatu, uzikaushe katika joto la nyuzi 120 kwa saa tatu. Asiye na tanuri anaweza kuzitia kwenye bakuli la bati na kulifukia nusu katika sufuria ya mchanga wa moto, kama wauza karanga wanavyofanya. Chembe za bluu ziepukwe, kwa kuwa rangi hiyo mara nyingi hutokana na kobalti, ambayo ni sumu.

Katika chupa moja ya ziada tumia mrututu, yaani salfeti ya shaba. Mrututu wa bluu ukipashwa moto taratibu hupoteza maji yake na kuwa unga mweupe, na unga huo ukikutana na mvuke hurudi kuwa bluu. Chupa hii haitatupatia namba, lakini itamwonyesha mwanafunzi kwa macho yake kwamba maji yamepita mahali ambapo hapana tundu, na nimeona kwamba hakuna maelezo ya ubaoni yanayoishinda. Pasha moto mahali penye hewa, acha mara unga unapokuwa mweupe, na usiruhusu mtoto aushike, kwa kuwa mrututu ukimezwa hudhuru.

Hewa ya ndani ya ndoo

Ukiziacha chupa mezani, unyevu utapanda alfajiri na kushuka adhuhuri, na matokeo ya wiki ya kaskazi hayatalingana na ya wiki ya masika. Kwa hiyo tunahitaji hewa isiyobadilika, na chumvi ndiyo inayotupatia. Weka chumvi kwenye bakuli, ongeza maji kidogokidogo mpaka ifanane na uji mzito, na uhakikishe kwamba punje za chumvi zinaonekana daima juu ya maji. Bakuli hilo likiwekwa chini ya ndoo iliyofunikwa, hewa ya ndani hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, na namba hiyo haiyumbi kwa kiasi cha kujali kati ya nyuzi 20 na 40. Ni bahati kwetu kwamba asilimia 75 iko karibu sana na hewa ambayo paneli itakutana nayo Tanga.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitalieleza. Usitumie chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi ya mwambao wetu, hata kama ni rahisi na iko karibu. Chumvi ghafi ya bahari hubaki na magnesi kloraidi, ambayo huvuta maji kwa nguvu zaidi na kuishusha hewa ya ndoo chini ya asilimia 75 bila wewe kujua. Tumia chumvi safi ya mezani, kisha acha kipimaunyevu ndani ya ndoo kwa siku mbili kabla ya kuanza. Kisipotulia karibu na 75, shuku mfuniko kwanza, halafu shuku chumvi.

Ndoo nayo iwekwe mahali penye joto lisilobadilika sana, mbali na dirisha na mbali na dari ya bati. Hewa ya nyuzi 38 inaweza kubeba mvuke mara 1.75 hivi ya ile ya nyuzi 28, na juu ya hapo plastiki yenyewe hulegea na kuupitisha upesi zaidi. Kwa hiyo kipimo kisichoandikwa joto lake hakimfai mtu mwingine.

Kufunga chupa

Tia kikausha unyevu kwenye chupa mpaka ibaki nafasi ya milimita 6 hivi chini ya mdomo, ili chembe zisiguse plastiki. Pima kipenyo cha ndani cha mdomo kwa uangalifu, kwa sababu kosa dogo hapa huongezeka maradufu katika hesabu ya eneo. Kata duara la plastiki lisilo na mkunjo wala mkwaruzo, lilaze juu ya mdomo, kisha uzibe ukingo wake kwa nta iliyoyeyushwa. Unene wa karatasi moja ni mdogo mno kwa kalipa. Ikunje au ipange iwe tabaka 20, pima, kisha gawanya.

Nta ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza, na naieleza ili mwingine asipoteze wiki tatu kama mimi. Nilitumia nta ya mishumaa kwa kuwa ilikuwa dukani. Nta hiyo ikipoa husinyaa na kuachana na kioo kwa ufa usioonekana, na chupa zangu zote, za plastiki nyembamba na nene, zikaongezeka uzito kwa kiasi kilekile. Nilikuwa nimeupima ufa, sikuwa nimeipima plastiki. Nta ya nyuki hunata na kukubali kupinda, na inapatikana kwa wauza asali. Ikiwa ngumu sana, changanya na kiasi kidogo cha nta ya mshumaa, usibadilishe uwiano huo kinyumenyume.

Kosa hilo lisingenipita kama ningekuwa na chupa ya ulinganisho. Kwa hiyo katika kila duru iwepo chupa moja iliyofunikwa kwa kipande cha kioo au cha bati badala ya plastiki, na kuzibwa kwa nta ileile na mkono uleule. Kioo hakipitishi mvuke kwa kiasi cha kupimika, basi uzito wowote utakaoongezeka katika chupa hiyo umepita ukingoni, na utatolewa katika matokeo ya chupa nyingine. Kama chupa ya ulinganisho imeongezeka kwa zaidi ya robo ya ongezeko la chupa ya plastiki, usijaribu kuyaokoa matokeo. Fungua, safisha, anza upya. Kila plastiki iwe na chupa mbili, na chupa hizo mbili zisipokubaliana kwa ukaribu, amini kwamba mojawapo inavuja.

Kupima na kukokotoa

Pima kila chupa kila siku saa ileile, baada ya kuipangusa nje kwa kitambaa kikavu, na uirudishe ndoo upesi. Itikise kidogo ili chembe za juu zilizolowa zibadilishane nafasi na za chini. Matokeo ya siku mbili za mwanzo yaachwe, kwa sababu plastiki na nta bado zinajaza unyevu wao wenyewe. Kuanzia hapo chora grafu ya uzito dhidi ya siku. Nukta zikikaa katika mstari mnyoofu, jaribio ni zima. Mstari ukianza kujipinda na kulala, kikausha kimeshiba, na vipimo vya baada ya hapo havina kazi. Kwa kalsiamu kloraidi ni busara kusimama uzito wake unapokuwa umeongezeka kwa sehemu ya kumi.

Tuchukue mfano wa chupa yenye mdomo wa sentimita 7. Nusu kipenyo ni mita 0.035, na eneo ni mita za mraba 0.00385. Tuseme kwa siku 10 chupa ya nailoni imeongezeka gramu 0.31 na chupa ya kioo imeongezeka gramu 0.02. Tofauti ni gramu 0.29, yaani gramu 0.029 kwa siku. Ukigawanya kwa eneo unapata karibu gramu 7.5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Namba ya kiasi hicho ni ya kawaida kwa nailoni nyembamba. Sasa turudi kwenye gramu zetu 2 za perovskaiti: nailoni hiyo, ambayo ingekinga mvua bila tone kupita, ingepitisha kwa siku moja tu mvuke wenye uzito wa zaidi ya mara tatu ya perovskaiti yote ya paneli.

Ukitaka kulinganisha plastiki zenye unene tofauti, zidisha kiwango ulichopata kwa unene, kwa kuwa plastiki ya aina moja ikiongezwa unene maradufu hupitisha nusu. Bila kufanya hivyo utaisifu raba ya tyubu kwa unene wake. Hata hivyo tyubu ijaribiwe. Nyingi hutengenezwa kwa raba ya butili, ambayo minyororo yake imebanana kiasi kwamba hewa haipati njia, na ndiyo maana baiskeli hukaa majuma bila kujazwa upepo. Polima za familia hiyohiyo ndizo zinazozungushiwa kingo za paneli zenye kioo mbele na nyuma, na kwangu mimi hilo ndilo tumaini kubwa zaidi la perovskaiti kwa mji wa pwani: kioo kwa uso, butili kwa kingo. Kipande cha tyubu kuukuu kutoka kwa fundi baiskeli wa Ngamiani, kikisafishwa kwa sabuni na kikaguliwe dhidi ya mwanga kisiwe na tundu, kitakuonyesha jambo ambalo watafiti wanalitegemea.

Jaribu pia pakiti ya maziwa ya unga yenye tabaka la alumini. Matokeo yake yatakuwa madogo sana, pengine yasitofautiane na chupa ya kioo, lakini haipitishi mwanga, na kwa hiyo kitu cha aina hiyo kinaweza kukaa mgongoni mwa paneli tu. Kama utapata kipande cha polima ya EVA, ambayo hugandisha kioo na seli katika paneli nyingi za silikoni, utaona kwamba hupitisha mvuke kwa urahisi. Silikoni huvumilia hilo kwa miaka mingi. Perovskaiti haivumilii, na tena EVA ikikutana na joto na unyevu hutoa asidi ya siki, ambayo huongeza madhara.

Jaribio hili lina mpaka ambao ni lazima usemwe wazi. Ukingoja siku 30 na mizani isonge kwa gramu 0.01 tu, chupa ya mfano wetu itakupa karibu gramu 0.09 kwa mita ya mraba kwa siku, na chini ya hapo mizani haioni kitu. Watafiti wa perovskaiti huzungumzia gramu 0.001 au pungufu zaidi. Kwa kiwango hicho ungehitaji miaka saba hivi ili tarakimu ya mwisho ya mizani ibadilike mara moja. Maana yake ni kwamba chupa yetu inaweza kuikataa plastiki, lakini haiwezi kuiidhinisha. Fundi akiletewa gundi au karatasi ya kufunikia na kuambiwa kwamba inafaa kwa kila aina ya sola, anaweza kuipima na kusema kwa uhakika kuwa haifai. Ikipita, aseme tu kwamba haijashindwa bado. Maabara kubwa hutumia tabaka jembamba la metali ya kalsiamu, ambalo linang'aa kama kioo cha kujitazamia na hupotea kadiri linavyokutana na maji, kisha huziweka paneli nzima kwa saa 1,000 katika joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85.

Usijaribu kutengeneza perovskaiti yenyewe nyumbani wala katika maabara ya kawaida ya shule. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na vimumunyisho vinavyotumika hupenya ngozi vikiibeba. Kazi ya polima haina hatari hiyo, na kazi iliyobaki upande wa polima ni nyingi.

Iliyo ya haraka zaidi ni ya jua. Plastiki iliyopita salama ikiwa mpya bado haijaonja miali ya urujuanimno, ambayo hukata minyororo na kuiachia oksijeni iingie, mpaka karatasi iwe kavu na kupasuka kama turubai kuukuu. Kata vipande viwili kutoka karatasi moja. Kimoja kikae kabatini, gizani. Kingine kifungwe kwenye fremu ya mbao juu ya paa, kielekee juu, tangu mwanzo wa kaskazi mpaka masika yatakapokwisha, bila kuoshwa chumvi isipokuwa kwa mvua. Kisha vyote viwili vizibwe kwa nta ya siku moja, viingie ndoo moja, na vipimwe kwa siku 10 zilezile.